Kutalii Maskat kwa basi la kupanda na kushuka

Kutalii Maskat kwa basi la kupanda na kushuka ni namna ya kutembelea mji mkuu wa Omani kwa basi la ghorofa linalozunguka katika njia maalumu. Abiria mwenye tiketi anaweza kushuka katika kituo chochote cha njia hiyo, kuangalia eneo kwa muda anaoutaka, kisha kupanda basi jingine la kampuni hiyohiyo linalofuata. Utaratibu huu unapatikana katika miji mingi ya kihistoria duniani. Mjini Maskat umeendeshwa na Big Bus Tours, kampuni iliyoundwa mwaka 2011 kwa kuunganisha kampuni moja ya London na nyingine ya Paris, na ambayo huendesha mabasi ya aina hiyo pia Dubai na katika miji mingine mikubwa.

Maskat ni mji wa Asia ambao historia yake imefungamana na ya pwani ya Afrika Mashariki. Kwa sababu hiyo, mtu wa Mafia, Unguja, Lamu au Mombasa anayepanda basi hilo hukutana katika vituo vyake na mambo mengi anayoyajua kutoka kwao: ngome za Wareno, kofia za kushonwa kwa mkono, haluwa, ubani, vyombo vya kamba na hata lugha ya Kiswahili.

Jina

Katika Kiswahili mji huu huitwa Maskat au Maskati. Nchi za Uarabuni, na hasa upande wa Omani, ziliitwa zamani Manga, na wenyeji wake Wamanga. Neno hilo limebaki katika majina ya vitu vilivyoaminiwa kuletwa kutoka huko, kama vile pilipili manga na njiwa manga.

Umbo la mji

Ili kuelewa kwa nini basi linaufaa mji huu, ni lazima kwanza kuelewa ardhi yake. Maskat iko kando ya Ghuba ya Omani, na nyuma yake kuna milima ya mawe matupu inayoshuka hadi baharini. Milima hiyo imegawa pwani kuwa hori ndogondogo, na katika kila hori palikua mji wake. Maskat ya kale ilikuwa katika hori moja, ikiwa mji wa serikali na ngome. Mutrah ilikuwa katika hori ya jirani, ikiwa mji wa biashara. Umbali kati yao ni kilomita chache tu, lakini majabali yalizifanya zionekane kama ziko mbali. Kabla ya barabara za magari, watu walivuka kwa mashua au kwa kupanda njia ya mlimani.

Hali hii ni tofauti kabisa na ile ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Mji Mkongwe umekusanyika mahali pamoja, na vichochoro vyake ni vyembamba kiasi kwamba basi haliwezi kupita. Mgeni hana budi kutembea kwa miguu, na kwa siku moja anaweza kuuzunguka. Maskat ya leo imenyooka kandokando ya bahari kwa zaidi ya kilomita 40, kutoka mji wa kale upande wa mashariki hadi Seeb, kwenye uwanja wa ndege, upande wa magharibi. Anayetembea kwa miguu ataona mtaa mmoja tu. Basi ndilo linalounganisha vipande hivi vilivyotawanyika.

Barabara zenyewe si za zamani. Sultani Qaboos bin Said alipochukua madaraka tarehe 23 Julai 1970, nchi nzima ilikuwa na takriban kilomita 10 tu za barabara ya lami, ingawa mafuta yalikuwa yameanza kuuzwa nje tangu mwaka 1967. Milango ya ukuta wa Maskat ilifungwa usiku, na aliyetembea ndani ya mji baada ya hapo alitakiwa kubeba fanusi. Basi linalopita leo katika barabara pana zilizochongwa ndani ya majabali linapita katika mji uliofunguliwa miaka michache tu iliyopita kwa hesabu ya historia.

Utaratibu wa basi

Mabasi haya yana ghorofa mbili. Sehemu ya juu iko wazi, au imefunikwa kwa kiasi, ili abiria waone vizuri na kupiga picha. Ghorofa ya chini imefungwa na ina kiyoyozi. Tiketi hununuliwa kwa muda, mara nyingi saa 24 au 48, na si kwa umbali wa safari. Ndani ya muda huo abiria hupanda na kushuka mara nyingi apendavyo.

Kila kiti kina mahali pa kuchomeka vipokea sauti vya masikioni. Abiria huchagua lugha na kusikiliza maelezo yaliyorekodiwa, ambayo hufuatana na mahali basi lilipofika. Asiyeshuka hata mara moja humaliza mzunguko mzima na kurudi alipoanzia.

Watumiaji wengi ni abiria wa meli za kitalii zinazotia nanga Mutrah. Bandari ya Sultani Qaboos iliyopo hapo ilikuwa bandari kuu ya mizigo, lakini mwaka 2014 shughuli za mizigo zilihamishiwa Sohar na Mutrah ikaachiwa utalii. Meli ikikaa saa nane au kumi, abiria wake wana siku moja tu ya kuujua mji, na basi la namna hii limetengenezwa kwa ajili ya watu wa aina hiyo.

Historia ya mji kwa ufupi

Vituo vingi vya safari hii havieleweki bila kujua mfuatano wa matukio.

Mwaka 1507 Wareno chini ya Afonso de Albuquerque waliushambulia na kuuchoma mji wa Maskat, kisha wakautawala. Baada ya kushambuliwa na Waturuki wa Osmani mwaka 1552 na 1581, waliimarisha bandari kwa kujenga ngome kubwa katika miaka ya 1580. Miaka michache baadaye, kuanzia 1593, Wareno haohao walijenga Ngome ya Yesu huko Mombasa. Ngome hizo zilikuwa sehemu za mpango mmoja wa kushika njia za biashara za Bahari ya Hindi.

Mwaka 1650 Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaarubi aliwafukuza Wareno kutoka Maskat. Waomani hawakuishia hapo. Waliwafuata Wareno hadi Afrika Mashariki, na mwaka 1698, baada ya kuizingira kwa zaidi ya miaka miwili, waliiteka Ngome ya Yesu.

Ukoo wa Busaidi ulishika utawala wa Omani katikati ya karne ya 18. Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala tangu mwanzoni mwa karne ya 19 hadi 1856, alihamishia makao yake Unguja, akahimiza kilimo cha karafuu na biashara ya misafara ya bara. Alipofariki, milki yake iligawanyika: mwanawe Thuwaini alishika Omani na mwanawe mwingine Majid alishika Zanzibar. Mgawanyo huo ulithibitishwa na Waingereza mwaka 1861. Visiwa vya Mafia vilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar hadi 1890, vilipoingia mikononi mwa Wajerumani pamoja na pwani ya Tanganyika. Sultani alilipwa marki milioni 4 kwa eneo hilo lote.

Historia hii ina upande wenye uchungu. Mashamba ya karafuu na minazi yalilimwa na watumwa, na watu kutoka bara la Afrika walisafirishwa pia hadi Omani na Ghuba. Mkataba wa 1822 kati ya Seyyid Said na Uingereza ulikataza kuwauza watumwa kwa mataifa ya Kikristo, ule wa 1845 ulikataza kuwapeleka Uarabuni, na mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa. Mwanafunzi anayetembelea Maskat anapaswa kukumbuka kwamba utajiri wa bandari hizi mbili ulijengwa pia kwa kazi ya watu hao.

Maeneo ya kushuka

Maeneo yafuatayo yamepangwa kwa kufuata barabara kutoka bandarini Mutrah. Hii si orodha rasmi ya vituo, kwa kuwa njia na ratiba hubadilishwa kwa majira. Baadhi yake hufikiwa kwa teksi au basi la kawaida iwapo basi la utalii halipiti.

Mutrah

Barabara ya ufukweni ya Mutrah, iitwayo Corniche, hufuata ukingo wa ghuba kwa takriban kilomita tatu. Upande mmoja kuna bahari, upande wa pili nyumba nyeupe zenye roshani. Nyuma ya baadhi ya nyumba hizo upo mtaa wenye ukuta na lango unaoitwa Sur al-Lawatia, makazi ya jamii ya Walawatia, Waislamu wa Kishia ambao ni wafanyabiashara wa tangu zamani. Lango hilo si la watalii. Mgeni huliangalia kutoka nje.

Soko la Mutrah ni kati ya masoko ya kale zaidi nchini. Sehemu yake huitwa Soko la Giza, kwa sababu vichochoro vyake ni vyembamba na vimefunikwa hata mwanga wa jua hauingii vizuri. Hapo huuzwa ubani wa Dhofar, vyetezo, majambia, vitambaa, fedha, tende na haluwa. Mtu wa pwani atajihisi yuko kwao. Kofia ya Omani, iitwayo kumma, imeshonwa kwa vitundu vidogovidogo vyenye nakshi sawa na kofia ya viua. Hata sarafu inafahamika: riali moja ina baisa 1000, na neno baisa lina asili moja ya Kihindi na neno la Kiswahili "pesa".

Hiki ndicho kituo kinachostahili muda mrefu zaidi. Maduka mengi hufungwa mchana na kufunguliwa tena jioni, na Ijumaa asubuhi huwa yamefungwa. Anayeshuka saa saba mchana anaweza kukuta milango tu.

Riyam

Kati ya Mutrah na Maskat ya kale barabara hupita chini ya jengo jeupe lenye umbo la chetezo, lililosimamishwa juu ya jabali katika bustani ya Riyam. Linakumbusha biashara ya ubani, iliyoitajirisha kusini mwa Uarabuni tangu kale.

Maskat ya kale

Barabara ikishavuka lango la mji, abiria huiona Maskat yenyewe: eneo dogo kuliko wengi wanavyotarajia, limezungukwa na milima pande tatu. Katikati yake ni Kasri la Al Alam, lililojengwa upya na kukamilika mwaka 1972, lenye nguzo za rangi ya dhahabu na buluu. Wageni hawaingii ndani. Huishia kwenye uwanja wa mbele.

Kasri hilo liko kati ya ngome mbili za Wareno, Al Jalali upande wa mashariki na Al Mirani upande wa magharibi, zinazotazamana juu ya mdomo wa bandari. Al Jalali ilitumika kama gereza hadi miaka ya 1970. Ukisimama hapo unaelewa mara moja kwa nini mji ulikuwa mgumu kutekwa kutoka baharini: kila chombo kilichoingia kilipita katikati ya mizinga. Katika majabali ya bandari, mabaharia wa meli za kigeni waliandika kwa rangi majina ya meli zao.

Mkabala na kasri ipo Makumbusho ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 2016. Karibu nayo iko Bait Al Zubair, makumbusho ya familia iliyofunguliwa mwaka 1998, yenye mavazi, silaha, mapambo na vyombo vya nyumbani. Mwenye nafasi ya kushuka mara mbili tu angefaa kuchagua Soko la Mutrah na Makumbusho ya Taifa, kwa sababu mambo ya ndani ya majengo hayawezi kuonekana kutoka ghorofa ya juu ya basi.

Al Bustan

Kusini mashariki mwa mji wa kale, kwenye kipilefti cha barabara ya Al Bustan, kimewekwa chombo cha mbao kiitwacho Sohar. Kiliundwa mjini Sur kwa mtindo wa kale, mbao zake zikiwa zimeshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila misumari. Msafiri Tim Severin na mabaharia wa Omani walikiendesha kutoka Maskat mnamo Novemba 1980 na kufika Guangzhou, China, katikati ya mwaka 1981, ili kuonyesha kwamba safari zilizosimuliwa katika hadithi za Sindbad ziliwezekana.

Kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki chombo hicho ni ndugu wa mtepe, uliounganishwa kwa kamba za makumbi vilevile na ambao leo umetoweka baharini. Vyombo vya Omani vilishuka kusini kwa upepo wa kaskazi vikiwa na tende, chumvi, papa mkavu na mazulia. Vilirudi kwa upepo wa kusi vikiwa na bidhaa za Afrika. Mojawapo ilikuwa boriti za mikoko, zilizokatwa hasa katika delta ya Rufiji, ng'ambo ya kisiwa cha Mafia. Nchi za Ghuba hazina miti mirefu, na nyumba zao za zamani ziliezekwa kwa boriti hizo. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale, huku na kule, ni vyembamba: upana wa chumba haukuweza kuzidi urefu wa boriti.

Qurum na upande wa magharibi

Kuanzia Qurum mji hubadilika na kuwa wa barabara pana, bustani na majengo mapya. Hapa kuna ufuko mrefu wa mchanga, na pia Jumba la Opera la Kifalme, lililofunguliwa Oktoba 2011.

Mbele zaidi, takriban kilomita 20 kutoka Mutrah, upo Msikiti Mkuu wa Sultani Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001. Msikiti na viwanja vyake huchukua waumini wapatao 20,000. Mnara mkuu una urefu wa karibu mita 90. Zulia la ukumbi wa wanaume lilifumwa na wanawake wapatao 600 wa Iran kwa miaka minne. Lina eneo la mita za mraba 4,343 na uzito wa tani 21. Wasio Waislamu huruhusiwa kuingia asubuhi tu, na si siku ya Ijumaa. Wanawake hutakiwa kufunika nywele, na wote kufunika mikono na miguu.

Kiswahili mjini Maskat

Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964, watu wengi wenye asili ya Omani waliondoka visiwani. Kuanzia 1970 Sultani Qaboos aliwaita Waomani waliokuwa nje warudi kujenga nchi. Waliorudi walitoka Zanzibar, Tanganyika, Kenya, na pia Burundi, Rwanda na Kongo. Wengi wao walikuwa wamesoma na kujua Kiingereza, wakaajiriwa katika wizara, shule, hospitali na kampuni ya mafuta, ingawa baadhi yao hawakukijua vema Kiarabu. Mjini huitwa mara nyingi Wazanzibari, hata kama mtu alizaliwa Bujumbura au Tabora.

Kwa hiyo Kiswahili husikika bado katika nyumba, ofisi na masoko ya Maskat. Mgeni anayetoa salamu ya "Shikamoo" kwa mzee dukani anaweza kujibiwa "Marahaba" bila mshangao wowote. Mazungumzo ya namna hiyo hayapatikani katika maelezo yaliyorekodiwa; humpata aliyeshuka.

Faida na mipaka

Faida kuu ya basi hili ni kumpa mgeni ramani ya mji kichwani. Baada ya mzunguko mmoja anajua Mutrah iko wapi, mji wa kale uko wapi, na kwa nini kati yao kuna jabali. Linawasaidia pia wazee, watu wenye watoto na wasiojua Kiarabu, kwani hakuna haja ya kupatana bei na dereva.

Mipaka yake ni mitatu. Kwanza, gharama: tiketi ni ghali kuliko nauli ya kawaida. Mabasi mekundu ya Mwasalat, shirika la umma lililochukua jina hilo mwaka 2015, huunganisha Ruwi, Mutrah na maeneo mengine kwa nauli ndogo zaidi, ingawa hayatoi maelezo. Pili, kusubiri: likikupita basi moja, jingine linaweza kuchukua muda mrefu, na kituo cha katikati ya njia si lazima kiwe na kivuli. Tatu, na ndilo kubwa zaidi, basi huonyesha sura ya nje. Ngome ikipita upande wa kushoto kwa nusu dakika, abiria hupata picha na tarehe, lakini hapati nafasi ya kujiuliza ngome hiyo ilimlinda nani dhidi ya nani.

Njia inayofaa ni kuzunguka mara ya kwanza bila kushuka, kuchagua maeneo mawili au matatu, kisha kuyarudia na kuyatembelea kwa miguu.

Hali ya hewa na adabu

Miezi inayofaa ni Novemba hadi Machi. Kuanzia Mei hadi Septemba joto huweza kupita nyuzi 40 za selsiasi, na ghorofa ya juu ya basi huwa haikaliki mchana. Maji ya kunywa na kofia ni muhimu hata wakati wa baridi.

Mavazi ya heshima yanatarajiwa kila mahali, si msikitini peke yake. Haifai kumpiga mtu picha, hasa mwanamke, bila idhini yake. Katika mwezi wa Ramadhani ni marufuku kula, kunywa au kuvuta sigara hadharani mchana, na saa za maduka na makumbusho hubadilika. Mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi.